Bahari ya Mafia Inalishwa Kutoka Ifakara

Karibu asilimia 62 ya maji ya mto Rufiji yanatoka Kilombero. Bonde lenyewe lina kilometa za mraba 40,000 hivi, kati ya 177,000 za bonde zima la Rufiji. Kwa maneno mengine, chini ya robo ya ardhi inatoa karibu theluthi mbili ya maji. Luwegu unaongeza asilimia 18, na Ruaha Mkuu, pamoja na ukubwa wote wa eneo lake, 15 tu. Tofauti inaletwa na milima. Mvua inayokwama Udzungwa na Mahenge hushuka kwa mito ya Lumemo, Mpanga, Mnyera na Ruhudji, ikatanda kwenye mbuga za Kilombero, kisha ikaelekea baharini. Sehemu kubwa yake hupita chini ya daraja la Ifakara, lile la mita 384 lililochukua nafasi ya kivuko.

Maji hayo hayaendi matupu. Makadirio yaliyofanywa kabla ya kujengwa Bwawa la Julius Nyerere yanaonyesha kwamba Rufiji ulikuwa ukipeleka pwani tope na mchanga wa karibu tani milioni 17 kwa mwaka. Ukitaka kuupima mzigo huo kwa macho, fikiria matipa ya tani 20 yakimwaga baharini safari 2,300 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Ila mto haugawi kazi yake sawasawa kwa siku zote, na hapa ndipo dhoruba zinapoingia. Maji yakiongezeka, kila lita nayo hubeba tope zaidi. Tuchukue mfano mwepesi: mtiririko ukiwa mara tatu ya kawaida, na tope katika kila lita likawa mara tatu, mzigo unakuwa mara tisa. Siku 40 za namna hiyo zinabeba sawa na siku 360 za kawaida. Kwa hesabu hiyo, wiki sita za masika kali zinaizidi sehemu yote iliyobaki ya mwaka. Mvua kubwa za Aprili ndizo zenye shehena, na miezi ya kiangazi huchangia kidogo mno.

Ndani ya shehena hiyo mna chakula. Duniani kote mito hupeleka baharini tope la tani bilioni 20 hivi kwa mwaka, na ndani yake kaboni ya mabaki ya viumbe ya tani milioni 200 hivi, yaani asilimia 1. Tukitumia kiwango hicho kwa Rufiji tunapata tani 170,000: mboji ya misitu ya Udzungwa, mabua ya mpunga, majani ya matete, kinyesi cha ng'ombe na cha viboko. Upande wa pili iko delta yenye hekta 50,000 na ushei za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Hekta moja ya mikoko iliyostawi huangusha majani na vijiti vya tani 8 hivi vikikauka, kwa hiyo delta nzima inafika tani 400,000. Kaboni ni chini kidogo ya nusu ya uzito huo, tuseme tani 180,000. Ni makadirio yangu ya juu juu, lakini yananionyesha jambo ambalo sikulitarajia: kile mto unacholeta na kile mikoko inachoangusha karibu vinalingana. Na mikoko yenyewe imesimama juu ya tope la mto huo huo.

Anayeishi kwa hesabu hiyo ni kamba. Hutaga baharini, vifaranga huingizwa na maji kujaa hadi kwenye vijito vya mikoko, hukua humo kwa miezi michache wakila mabaki yanayooza pamoja na vijidudu vinavyoyaozesha, kisha hurudi bahari kuu maji ya mvua yanapopunguza chumvi. Mvua ndiyo inayowapa ishara ya kuondoka. Ng'ambo ya mlango wa bahari, mbele ya Kilindoni kisiwani Mafia, papa potwe hukusanyika tangu Oktoba hadi Machi kufuata makundi ya duvi, kamba wadogo.

Haifai kuyasifia mafuriko kana kwamba hayaumizi. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Hata baharini kuna gharama. Baada ya mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, zaidi ya hekta 100 za misikundazi, aina mojawapo ya mikoko, zilikauka katika delta, kwa kuwa mizizi ilifukiwa na mchanga na kukaa majini muda mrefu kuliko ilivyoweza kuvumilia. Mafuriko ya 1978 yalihamisha mkondo mkuu kuelekea kaskazini mwa delta, kusini chumvi ikazidi, na wakulima wa mpunga wakafuata maji matamu. Matumbawe nayo hayapendi tope: linayazibia mwanga na kuyafukia. Ndiyo maana matumbawe mazuri ya Mafia yako zaidi upande wa mashariki na kusini, mbali na midomo ya mto.

Kimbunga hufanya kazi nyingine kabisa. Hidaya ilipofika Mafia Mei 4, 2024, ilikuwa imepungua nguvu, lakini mvua yake ilikata barabara ya Lindi pale Somanga. Mawimbi ya dhoruba kama hiyo huchimbua sakafu ya bahari ya kina kifupi na kuinua tope lililotulia kwa miaka. Rutuba iliyolala hurudi majini, na mchanga wa ufukweni hubebwa. Ufuo unaoletewa mchanga mpya kila masika hujijenga tena, na usioletewa unarudi nyuma.

Sasa kuna ukuta wa mita 131 katikati ya njia. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 22, 2022. Mitambo yake 9 ina uwezo wa megawati 2,115, na gharama yake ni Sh trilioni 6.5 hivi. Linaweza kushika maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, wakati mto wote huleta bilioni 28 hivi kwa mwaka. Bwawa linaloweza kumeza maji ya mwaka mzima hunasa zaidi ya asilimia 95 ya tope. Katika zile tani milioni 17, zinazovuka hazifiki milioni moja.

Wahandisi huhofia bwawa kujaa tope. Hapa hofu hiyo ni ndogo: tani milioni 17 ni mita za ujazo milioni 13 hivi, na kwa kasi hiyo bwawa lingechukua zaidi ya miaka 2,000 kujaa. Nina wasiwasi na upande wa chini. Misri ililiona hili baada ya Bwawa Kuu la Aswan kuanza kuzuia mafuriko ya Nile mwaka 1964. Dagaa wa pwani ya delta waliokuwa wakivuliwa tani 18,000 mwaka 1962 walishuka hadi chini ya tani 1,000 mwishoni mwa muongo huo. Kampuni ya Arab Contractors, iliyoshiriki kujenga Aswan, ni mmoja wa wajenzi wawili wa bwawa letu.

Maji yanaweza kurudishwa, na hili linanitia moyo. Kwa kimo cha mita 100 hivi, mitambo yote 9 ikizunguka kwa nguvu kamili inapitisha karibu mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili na nusu ya wastani wa mto. Siku 10 za namna hiyo ni bilioni 2 hivi, asilimia 7 ya maji ya mwaka, na umeme wake haupotei iwapo gridi inauhitaji. Mafuriko ya kupangwa, yakatangazwa mapema kwa watu wa Utete na Mohoro walio chini ya bwawa, yakaangukia majira ambayo kamba wanasubiri kutoka, yangegharimu kidogo sana ukiyalinganisha na trilioni 6.5.

Tope haliwezi kupita kwenye mitambo kwa njia hiyo. Maji yanayotoka yakiwa meupe hula kingo za mto na kuteremsha udongo wa Rufiji yenyewe hadi pwani, na wenye mashamba kandokando ya mto ndio watakaoanza kuona. Vipimo vya tope vinahitajika sehemu tatu, Ifakara, chini ya bwawa na kwenye midomo ya delta, vikichukuliwa kila masika na kuwekwa wazi kwa wavuvi kama yanavyotangazwa makadirio ya mvua.