Akiba ya Uzeeni kwa Wanaojiajiri Kenya: Kikomo ni Kipi?

Ndugu wanachama, wengi wenu mnaofanya kazi zenu wenyewe upande wa Kenya, mafundi cherehani, maseremala, makanika, mmetuuliza: je, fedha tunazojiwekea kwa ajili ya uzee zinapunguza kodi, na mwisho wake ni kiasi gani? Twajibu hapa, maana yupo mwenzetu aliyeambiwa na wakala wa mfuko mmoja kwamba kila shilingi atakayoweka itatolewa katika mapato yanayotozwa kodi. Akaweka mwaka mzima. Ilipofika siku ya hesabu hakupunguziwa hata senti.

Tuanze na kikomo chenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya humruhusu anayejiajiri kutoa katika faida yake, kabla ya kutozwa kodi, michango aliyolipa katika mfuko wa pensheni wa watu binafsi ulioandikishwa. Hutazamwa mambo matatu: kiasi alichochanga hasa, asilimia 30 ya faida yake, na shilingi 360,000 kwa mwaka. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachokubaliwa. Zamani kiwango cha juu kilikuwa 240,000. Kilipandishwa kuanzia Disemba 27, 2024. Kuchanga zaidi si kosa, ila ile ziada haipunguzi kodi. Aliyepata hasara faida yake huhesabiwa sifuri, na asilimia 30 ya sifuri mnaijua. Mwenye kazi ya mshahara pembeni akumbuke kuwa makato yake ya NSSF yamo ndani ya kikomo hichohicho.

Sasa lililomponza mwenzetu. Mkaazi wa Kenya mwenye biashara ambayo mauzo yake yamezidi shilingi 1,000,000 kwa mwaka lakini hayajazidi 25,000,000 hutozwa asilimia 3 ya mauzo yote. Kodi hii haiulizi faida. Kitambaa, pango, umeme, pensheni, vyote havitolewi. Anayetaka vitolewe sharti amwandikie Kamishna kwamba anachagua kulipa kodi ya faida. Wakala hakulitaja hilo, na sisi twaona alipaswa kulitaja kwanza kabla ya kupokea mchango.

Lakini msikimbilie kuandika barua kabla ya kupiga hesabu. Chukueni fundi cherehani ambaye mwaka 2025 aliuza kwa 1,500,000 akabakiwa na faida ya 600,000. Kwa njia ya mauzo atalipa 45,000. Kwa njia ya faida, bila akiba yoyote, na baada ya msamaha wa mkaazi wa 28,800, atalipa 88,600. Akiweka pensheni 60,000, kodi itakuwa 70,600: bado amepoteza. Akiweka 180,000, ambayo ndiyo asilimia 30 yake, kodi itashuka hadi 34,600, na hapo ndipo atakuwa amepata nafuu. Je, ni fundi gani wa kawaida awezaye kufunga 180,000 kwa mwaka, na ada za shule zikimngoja? Kwa wengi wenu kile kikomo cha 360,000 ni cha kusoma tu.

Hata hivyo, anayelipa kodi ya mauzo hakatazwi kuweka akiba. Mpango wa Mbao, ulioanza mwaka 2011 kwa ajili ya watu wa jua kali, ulipewa jina hilo kwa sababu mchango ulikuwa shilingi 20 kwa siku, yaani 7,300 kwa mwaka, zinazotumwa kwa simu. Tena tangu Disemba 27, 2024, malipo anayopewa mtu akifikia umri wa kustaafu, au akitoa fedha zake baada ya miaka 20 ya uanachama, hayatozwi kodi. Faida hiyo ni ya wote, hata wa asilimia 3.

Wanaojaza fomu kwa faida wadai kutoka kwenye mfuko wao hati ya michango ya Januari hadi Disemba. Mchango wa Januari inayofuata hauingii katika mwaka uliopita, hata kama fomu husubiriwa hadi Juni 30. Wenye shaka waje ofisi ya tawi na daftari la mauzo pamoja na risiti, tupige hesabu pamoja kabla barua haijaandikwa.