Wanandoa waliouza nyumba wakahamia baharini

WAHENGA walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Bw Maurice Bailey na mkewe Maralyn, wakazi wa Derby nchini Uingereza, hawakuwahi kuusikia msemo huo. Waliuza nyumba yao, wakanunua mashua ya matanga, wakahamia humo na virago vyao vyote.

Wazo hilo lilitoka kwa mke. Wakati huo, mnamo 1966, walikuwa wamekaa katika ndoa miaka mitatu. Mume alifanya kazi ya uchapishaji na mke alikuwa karani katika ofisi ya kodi. Hawakuwa na watoto. Bi Maralyn alipomwambia mumewe wauze nyumba wanunue mashua, Bw Bailey aliliona jambo hilo kuwa la kipuuzi. Lakini mke alipiga hesabu zake, akashikilia, na mwishowe mume akakubali. Lengo lao lilikuwa kufika New Zealand na kuanza maisha mapya huko.

Mashua hiyo waliiita Auralyn, jina lililounganisha yao mawili. Urefu wake ulikuwa mita tisa na nusu, haufiki hata wa basi la abiria. Humo ndimo mlimokuwa jikoni, chumba cha kulala, sebule na ghala la chakula.

MAISHA CHOMBONI

Msomaji, kama wewe na mwenzio mmewahi kuishi katika nyumba ya chumba kimoja pale Kayole au Mathare, unajua mambo yalivyo. Mkikosana hakuna pa kununia. Hata hivyo, wewe waweza kufungua mlango ukaenda kwa jirani hadi hasira zipoe. Baharini nje ya mlango ni maji matupu.

Watu wawili wanaposafiri kwa matanga usiku na mchana, lazima wapokezane zamu. Mmoja hulala na mwingine huangalia tanga, upepo na meli kubwa zinazoweza kuwagonga gizani. Kwa hivyo mume na mke wanaweza kukaa siku nyingi wakionana kwa dakika chache tu, huyu akipanda sitahani na yule akishuka kulala. Maji ya kunywa hupimwa kwa kikombe, na nguo hufuliwa kwa maji ya chumvi ambayo hayakauki vizuri.

Raha pia zipo. Wawili hao walifunga safari kutoka Southampton mwezi Juni 1972. Walipitia Uhispania, Ureno na visiwa vya Canary, kisha wakavuka Atlantiki hadi Karibi. Hawakuwa na bosi, wala kodi ya nyumba, wala saa ya kuwaamsha. Kila bandari waliyotia nanga ilikuwa na soko jipya na marafiki wapya. Mwezi Februari 1973 walitoka Panama, wakaingia Bahari ya Pasifiki wakielekea visiwa vya Galapagos.

NYANGUMI ALFAJIRI

Alfajiri ya Machi 4, 1973, nyangumi aliigonga mashua yao. Ubavuni, chini ya usawa wa maji, palitoboka shimo kubwa. Walijaribu kuliziba kwa tanga na kwa nguo na mito, lakini maji yakawashinda. Kabla ya saa moja kupita, Auralyn ilizama mbele ya macho yao, na pamoja nayo fedha zote za ile nyumba ya Derby.

Walibaki na boti ya mpira ya kuokolea maisha, isiyozidi mita moja na nusu kwa upana, na kihori kidogo cha mpira walichokifunga kando yake. Walikuwa wameokoa vyakula vichache vya mikebe na maji kiasi. Redio ya kuombea msaada hawakuwa nayo. Bw Bailey ndiye aliyekataa isiwekwe chomboni, kwa kuwa alitaka waishi huru bila kuingiliwa na watu wa nchi kavu. Na Bi Maralyn hakujua kuogelea.

Mikebe ilipokwisha, Bi Maralyn alikunja pini za kufungia nguo akazifanya ndoana. Walikula samaki wabichi, kasa, ndege wa baharini, hata papa wadogo waliowakamata kwa mikono. Maji ya kunywa waliyakinga mvua iliponyesha. Kuna wakati waliwafunga kasa wawili kamba ili wawavute kuelekea Galapagos, lakini kila mmoja akashika njia yake!

Meli saba zilipita bila kuwaona. Miili yao ilijaa vidonda kwa sababu ya chumvi. Boti ilitoboka, ikawa lazima ipulizwe upepo tena na tena. Bw Bailey aliugua vibaya na akakata tamaa kabisa. Huyu ndiye aliyekuwa nahodha, mwenye elimu ya nyota na ramani, lakini elimu hiyo haikumfaa kitu boti ilipokuwa ikichukuliwa tu na maji.

Hapo mkewe ndiye aliyeshika usukani wa nyumba. Alikata karatasi akatengeneza karata na dhumna ili wacheze. Aliandika orodha za mapochopocho watakayoyapika siku wakifika nchi kavu. Zaidi ya yote, alimshirikisha mumewe kuchora ramani ya mashua yao ijayo, chumba kwa chumba. Fikiria, msomaji: watu wasio na tone la uhakika la maji wakijadiliana rafu za jikoni zitakaa wapi!

Juni 30, 1973, baada ya siku 118, meli ya uvuvi ya Korea Kusini iliwapita, kisha ikageuka na kuwarudia. Walikuwa wamekonda mno na hawakuweza kusimama kwa miguu yao. Mabaharia wale, ambao nao walikuwa wakirudi kwao baada ya kazi ya miaka kadhaa, waliwalisha na kuwauguza, wakawafikisha Honolulu.

JE, WALIIACHA BAHARI?

La hasha! Waliandika kitabu kuhusu masaibu yao, wakajenga mashua ya pili, Auralyn II, wakasafiri nayo hadi Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika. Bi Maralyn alifariki mwaka wa 2002, na mumewe akaishi miaka mingi baada yake.

Siku hizi mabaharia wengi hubeba kifaa kidogo kinachotuma ishara kwa setilaiti chombo kinapozama, na waokoaji wakajua walipo. Huo ni usalama ambao wawili hao hawakuwa nao, na hata redio walinyimwa na uamuzi wa mmoja wao. Uamuzi wa namna hiyo, uwe wa redio au wa akiba ya benki, hulipiwa na wote wawili.

Lakini hakuna kifaa kinachomtia moyo mwenzio saa ya dhiki. Hata sisi wa nchi kavu kazi hupotea, ugonjwa huingia, na mmoja akaishiwa na nguvu za kutumaini. Saa hiyo ni zamu ya mwenzake. Katika ile boti ya mpira, Bi Maralyn aliishika zamu ndefu kuliko haki yake, na hakumwacha mumewe azame.