Dawa ya mtoto si nusu ya dawa ya mtu mzima

KWA miaka mingi, wahudumu wa zahanati katika nchi zinazostawi walikata tembe za watu wazima ili kuwatibu watoto, wakikisia kipimo. Mnamo 2007, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu za watoto.

Hata hivyo, orodha pekee haiponyi. Dawa ya maji husafirishwa kwa chupa nzito na, ikishachanganywa, huharibika baada ya siku chache. Ndiposa WHO hupendekeza tembe za amoksilini zinazoyeyuka majini kutibu nimonia.

Nchini Kenya, kaunti huagiza dawa kutoka kwa mamlaka ya KEMSA. Malipo yakicheleweshwa, au zahanati ikikosa kuagiza mapema, mzazi huambiwa akanunue dukani. Kwa mtoto mwenye nimonia, kuchelewa huko kwaweza kugharimu uhai.