Jaramogi na Majina ya Wanawe

Tarehe 20 Januari, mwaka 1994, Mzee Jaramogi Oginga Odinga alifariki dunia mjini Kisumu, akazikwa nyumbani kwake Kang'o, katika nchi ya Bondo. Juu ya siasa zake mengi yamekwisha andikwa. Leo napenda kumkumbuka kama baba na babu.

Alizaliwa yapata mwaka 1911. Alisoma Maseno, Alliance, na Makerere, kisha akarudi Maseno kufundisha. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Obadiah Adonijah, lakini majina hayo aliyaacha. Wanawe walipofikia kubatizwa, alipeleka kanisani majina ya Kiafrika matupu. Wakuu wa kanisa wakakataa. Ndugu msomaji, fikiri hali ya mwalimu wa siku zile, mtu aliyelelewa na misheni tangu utoto, kusimama mbele ya wachungaji na kusema hapana! Hakurudi nyuma, na mwishowe watoto wakabatizwa kwa majina yale yale. Mmoja wao ni Raila Amolo, aliyezaliwa Maseno mwaka 1945. (Miaka mingi baadaye mjukuu wake, mwana wa Raila, aliitwa Fidel Castro. Sijui mzee alicheka au alinyamaza.)

Aliyedai ya kwamba Mwafrika aweza kujiita mwenyewe, alidai pia ya kwamba aweza kufanya biashara mwenyewe. Aliacha ualimu, na mwaka 1947 shirika la Luo Thrift and Trading Corporation likaandikishwa. Alisafiri huku na huku Afrika ya Mashariki kuwauzia hisa Wajaluo waliokuwa kazini mbali na kwao, na kwa fedha hizo jumba la Ramogi likasimama mjini Kisumu. Makarani wenzangu, tunaoshindwa kukusanya mchango wa watu kumi ofisini, tutafahamu kazi aliyoifanya.

Alikuwa Makamu wa Rais tangu mwaka 1964 hata 1966, alipojiuzulu. Baada ya damu iliyomwagika Kisumu mwezi wa Oktoba, 1969, aliwekwa kizuizini hata mwaka 1971.

Lakini nadhani mwaka 1982 ulimwumiza zaidi. Baada ya jaribio la kupindua serikali, Raila alikamatwa akafungwa, na mzee mwenyewe akazuiliwa nyumbani kwake Kisumu, asiweze kumfikia mwanawe. Mwaka 1984 mkewe Mary Juma, mama yake Raila, akafa. Kijana hakuambiwa ila baada ya miezi miwili, na mama amekwisha zikwa. Hakufunguliwa hata mwaka 1988.

Baba aliishi akamwona mwanawe akiingia Bungeni, mwaka 1992. Wakaketi humo pamoja. Raila naye alifariki mwezi wa Oktoba, 2025, akazikwa Kang'o, karibu na baba yake.