Red velvet ya Kiongoroni: krimu paka ukifika

Wauzaji wenzangu, oda ya keki ya harusi Kiongoroni lazima ipande boti, na krimu haivumilii jua la delta. Mimi keki naisafirisha kavu, krimu naifunga vizuri ndani ya deli lenye barafu, halafu napaka hukohuko kwenye shughuli. Safari naipanga maji yakijaa; yakipwa, boti inakwama kwenye matope na sherehe haikusubiri. Nauli ya boti naijumlisha kwenye bei mapema, na nusu ya hela inatangulia kabla sijapasua yai. Umekosa mtindi? Kikombe 1 cha maziwa, kijiko kikubwa 1 cha siki, subiri dakika 10, kazi iendelee. Harusi hairudiwi, jamani!