Pedi Nzito, au Runinga?

Kwenye vibanda vya gemu vya Vingunguti, kijana aliyefungwa mabao matatu hakosi la kusema. Mara mwanga wa mlangoni unampiga machoni, mara mwenzake kachukua Real Madrid, mara pedi nzito: anabonyeza sasa, mchezaji anapiga baadaye. Mwenye kibanda ameshayasikia yote. Anambadilishia pedi, na mechi inayofuata mambo ni yaleyale.

Safari hii kijana anaweza kuwa na hoja. Kilichobadilika kibandani ni runinga. TV ya chogo imewekwa kando, imeletwa flati kubwa. Chogo lilichora mawimbi ya picha kadiri yalivyoingia, halikuwa na mahali pa kuyahifadhi. Flati huipokea picha, huisafisha, huitilia rangi, ndipo huionyesha. Nyingine huongeza kazi moja zaidi: hutunga picha ambazo gemu haikuzituma.

Gemu ni mfululizo wa picha zilizotulia, yaani fremu. GTA V ilipotoka mwaka 2013 kwenye PlayStation 3, ililenga fremu 30 kwa sekunde, kila moja ikikaa kiooni takriban milisekunde 33. Gari liko kushoto, fremu inayofuata liko kulia. Runinga yenye uwezo wa kutunga picha hulinganisha fremu hizo mbili, hukisia gari lilipitia wapi, kisha huchomeka picha ya katikati. Sony huuita ufundi huo Motionflow, LG TruMotion, na Samsung iliwahi kuuita Auto Motion Plus. Fremu 30 zinaonekana kama 60, na gari linateleza kama limepakwa mafuta.

Sasa tazama gharama. Ili kuchora picha ya katikati, runinga lazima iwe nazo zote mbili mkononi. Kwa hiyo fremu ya pili, iliyokwisha kufika, inazuiwa mlangoni ili ya kubuni itangulie, na muda wa kupiga hesabu unaongezeka juu yake. Kwenye filamu hakuna anayeumia, maana mtazamaji habonyezi kitu. Atalalamika tu kwamba filamu ya sinema imegeuka kama tamthilia. Mwenye pedi ndiye anayelipa. Macho yake yanaona fremu 60, lakini gemu bado inasoma vidole vyake kwa mwendo wa 30, na jibu linamfikia likiwa limechelewa.

Halafu kuna makosa ya kukisia. Runinga haijui mpira ni nini; inaona madoa yanayohama. Pasi ndefu ikipigwa mbele ya mashabiki, ukingo wa mpira huota ukungu, na jina linaloelea juu ya mchezaji hutetemeka anapokimbia.

FIFA na PES za PlayStation 4 zenyewe hukimbia fremu 60. Kioo cha hezi 60, yaani cha picha 60 kwa sekunde, hakina nafasi ya kuchomeka chochote hapo, hata kama boksi limeandikwa tarakimu kubwa kuliko hiyo. Tarakimu za mwendo za kwenye boksi aghalabu ni za biashara. Uzito wa pedi ukiendelea kuonekana, huenda unatokana na usafishaji mwingine wa picha.

Watengenezaji wa gemu wamejaribu kuifanya kazi hii ya kutunga fremu wenyewe. Mwaka 2010, Dmitry Andreev wa LucasArts alionyesha Star Wars: The Force Unleashed II ikipandishwa kutoka fremu 30 hadi 60 ndani ya konsoli, ingawa gemu iliyouzwa ilibaki na 30. Mwaka 2024 Immortals of Aveum ilipata ufundi wa AMD uitwao FSR 3 kwenye PlayStation 5 na Xbox Series. Gemu ina faida ambayo runinga haina: inajua kila kitu kinaelekea wapi, na maandishi inaweza kuyachora kando yasichanike. Hata hivyo AMD hupendekeza gemu iwe tayari na fremu 60 za kweli kabla ya kuongezewa za kubuni.

Kwa kibanda, dawa iko kwenye rimoti: menyu ya picha, kisha hali ya gemu, ambayo huzima sehemu kubwa ya usafishaji. Ila runinga nyingi hukumbuka mpangilio huo kwa kila tundu la HDMI peke yake. Asubuhi mtu akihamisha waya kutoka tundu la kwanza kwenda la pili, jioni pedi zote zitakuwa nzito tena.