Mwana wa Malkia katika Nguo za Baharia

Septemba 1846 meli ya kifalme Victoria and Albert ilikuwa ikitembea kwenye visiwa vilivyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Malkia Victoria alikuwamo na mumewe Albert na watoto. Mwana wao wa kwanza wa kiume, Albert Edward, ambaye nyumbani walimwita Bertie, alikuwa hajatimiza miaka mitano. Siku moja alitokezea sitahani na suruali nyeupe pana miguuni, shati lenye kola kubwa iliyolala mabegani, na leso nyeusi shingoni. Aliyemshonea ni fundi wa mle melini, yuleyule aliyewashonea mabaharia. Malkia aliandika katika shajara yake kwamba maofisa na mabaharia waliojipanga kumwona walimshangilia. Mchoraji Winterhalter akamchora katika mavazi hayo, mikono mfukoni, na Krismasi ya mwaka huo Malkia akampa mumewe picha ile iwe zawadi. Nguo zenyewe zimehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, London.

Kila nikiitazama picha ile, swali langu ni moja. Huyu ndiye mrithi wa ufalme, Edward VII wa baadaye. Kumvika koti la admirali lenye nyuzi za dhahabu kungekuwa jambo jepesi. Kwa nini akavikwa nguo za mtu wa chini kabisa melini, anayepanda mlingoti na kusugua sitaha? Kwetu pwani mtoto akivaa kanzu siku ya Idi, kanzu ile ni ya baba yake na babu yake, imepunguzwa urefu tu. Suti ya baharia ilikwenda kinyume. Wanasheria, madaktari na wafanyabiashara waliowavisha wanao nguo hizo baadaye hawakuwa mabaharia, wala hawakutaka wanao wawe. Walitaka sifa za baharia: utii, wepesi, usafi, moyo wa kukabili mawimbi. Umaskini wake na vidole vyake vilivyochunwa na kamba waliviacha bandarini.

Tena baharia mwenyewe wakati huo hakuwa na sare. Maofisa wa jeshi la majini la Uingereza walipangiwa yao mwaka 1748, lakini mabaharia wa kawaida walingoja hadi 1857. Kwa hiyo mtoto wa Malkia alitangulia miaka 11 kuvaa kitu ambacho wanaume waliokuwa wakifia baharini walikuwa hawajapewa rasmi. Sare ilipokuja, kola yake ikawa na mistari mitatu myeupe, na watu wakaanza kusimulia kuwa ni kumbukumbu ya ushindi mara tatu wa Nelson, admirali wa Uingereza, na leso nyeusi ni ya msiba wake. Hadithi hiyo haina ushahidi, ila imekaa vinywani mwa watu kwa sababu inapendeza kusimuliwa.

Picha ya mfalme mtarajiwa peke yake isingeliifanya nguo hii idumu karibu miaka 100. Iliwafaa akina mama. Huko Ulaya mtoto wa kiume alivaa gauni kama dada yake mpaka afike miaka minne, mitano, au hata zaidi. Siku ya kuvaa suruali ya kwanza ilikuwa siku kubwa nyumbani. Na suruali aliyoipata mtoto wa mwanzoni mwa karne ya 19 ilibana, ikafungwa kwa vishikizo kiunoni pote kwenye koti fupi. Shati la baharia linapitishwa kichwani, shingo iko wazi, mtoto anakimbia na kupanda miti. Likiwa la pamba, linafulika. Cherehani zilipoingia majumbani, mama aliweza kulishona mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1870 lilikuwa limeenea kila mahali, na wasichana wakalivaa kwa sketi.

Lakini nguo ya vita haiachi kuwa ya vita kwa kuvaliwa na mtoto. Neno letu manowari tumelichukua kwa Waingereza, na hatukulipata kwenye michezo ya watoto. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar, na kwa muda usiofika saa moja mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Mwaka huohuo, katika bustani za London, watoto walikuwa wakisukuma tairi za kuchezea wakiwa na kola ya mabaharia wale. Sidhani wazazi wao waliviunganisha vitu hivyo viwili.

Ujerumani iliipenda nguo hii kupita kiasi. Kaisari Wilhelm II, mjukuu wa Malkia Victoria, alitamani jeshi la majini lishindane na la bibi yake, na mwaka 1898 bunge lilipitisha sheria ya kuunda meli nyingi za vita. Suti ya watoto ikaitwa kwa jina la Kiel, bandari ya manowari zake: buluu iliyokoza wakati wa baridi, nyeupe yenye mistari wakati wa joto. Katika picha za familia za miaka hiyo huwezi kumtofautisha mtoto wa Mkatoliki, wa Mprotestanti wala wa Myahudi. Wote wana kola ileile. Kisha Novemba 1918 mabaharia halisi wa Kiel, waliochoka na Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaasi. Uasi ukaenea mijini, na tarehe 9 Kaisari akaondoka madarakani. Urusi, miezi michache kabla, aliyekuwa mrithi wa kiti cha mfalme, Alexei, aliyepigwa picha nyingi akiwa na suti ya baharia, aliuawa pamoja na wazazi na dada zake akiwa na miaka 13.

Austria nayo ilipoteza pwani yake yote katika vita hivyo. Kwaya ya wavulana ya Vienna ilipoundwa upya mwaka 1924, sare ya kifalme ilikuwa imepitwa na wakati, wakachagua suti ya baharia. Mpaka leo wanaiimbia dunia kutoka nchi isiyo na bahari. Japani ilielekea kwingine: tangu miaka ya 1920 nguo hii ni sare ya wasichana wa shule.

Kwa wavulana, naona mahali pengine ilipobaki hai ni Hispania. Mwezi Mei, siku ya Komunyo ya Kwanza, mtoto wa miaka minane au tisa huingia kanisani na suti nyeupe ya baharia, rozari mkononi, hata kama kijiji chake kiko mbali na bahari. Madukani huko suti hizo zinatundikwa za aina mbili, ya baharia na ya admirali, hii ya pili na vifungo na kamba zake za dhahabu. Mzazi husimama mbele yazo na mwanawe, wakachagua.